Manjano, Zambarau, Kahawia

Haya niliambiwa na mshonaji mwenyewe, mwaka uliofuata ule aliomzika mkewe, siku aliyokuja nyumbani kunipima gauni. Alinipima bega la kushoto mara tatu, na kila alipomaliza kupima aliisahau namba. Mara ya tatu aliiacha tepu ikining'inia shingoni mwangu, akavuta kigoda, akasema, "Dada, ngoja kwanza nikueleze habari za kile kisanduku." Nami nikakaa. Gauni lenyewe lilikuja kukamilika miezi miwili baadaye, lakini sikumdai.

Duka lake lilikuwa mbele, linatazama barabara, na nyumba ilikuwa nyuma. Katikati palikuwa na ua wa hatua kumi na mbili. Hatua hizo alizijua tangu siku mkewe alipopigwa na kiharusi, maana alimbeba kuuvuka ua ule akihesabu ili asilie, na baada ya siku hiyo miguu yake ikawa inahesabu yenyewe kila apitapo. Mke akapona nusu. Upande wa kushoto ulikufa ganzi usirudi tena. Sauti yake, ambayo zamani ilivuka barabara ikamwita mtu aje kula, ikabaki nyembamba, ya kusikiwa na aliyeinama tu. Binti zao wawili walikuwa wameolewa mbali, wakipiga simu kila Jumapili. "Mama anaendeleaje?" Baba mtu hujibu, "Yupo," kisha wote wakatafuta la kusema.

Majirani walimshauri ahamishie kitanda dukani, amwone huku anashona. Mke alikataa katakata.

"Watu waje kupimwa suruali wanikute nimelala na mdomo umepinda?" alisema. "Mimi siyo pambo la duka, Fundi."

Fundi ndilo jina alilomwita tangu wakiwa wachumba. Lilikuwa jina la wateja, yeye akalichukua kwa utani na halikurudi tena kwa wenyewe. Mume naye alimwita Bibie.

Basi huyu yuko mbele na cherehani, yule yuko nyuma na kitanda, na kati yao ule ua. Akiitwa atasikiaje?

Aliyewasaidia ni Waya. Waya alikuwa fundi wa redio, chumba cha pili, na ukuta wao ulikuwa wa mbao. Kwa miaka kumi na tisa wanaume hao walizungumza kupitia ukuta ule, kila mmoja ameinamia kazi yake. Siku nyingine walishinda tangu asubuhi hadi jioni bila kuonana uso, na hakuna ambaye angeweza kukwambia kama mwenzake alinyoa ndevu au hakunyoa. Mmoja akipiga chafya, mwingine anamwambia pole na kuuliza kama chafya hiyo ina risiti.

Waya alitengeneza kisanduku cha mbao, kimo cha kiatu. Maiki ndogo aliifunga kando ya kitanda cha Bibie, waya akaupitisha juu ya kamba ya kuanikia nguo, ukaingia dukani hadi kwenye rafu iliyo juu ya cherehani. Ndani ya kisanduku aliweka transista mbili: ya kwanza ya kuokota mnong'ono, ya pili ya kuusukuma kwenye spika. Akabandika ndani ya kifuniko karatasi yenye mchoro wa vyote alivyoweka.

"Mchoro wa nini? Mimi najua redio?" mshonaji aliuliza.

"Nikifa usiwasumbue watu," Waya alisema, kisha akapaza sauti kuelekea uani. "Haya, Bibie huko, sema neno."

Kutoka rafuni ikaja sauti ndogo lakini safi, kama mtu aliyesimama mlangoni. "Fundi, umevaa shati langu la kupigia deki."

Waya akacheka hadi akakaa chini. "Sasa hata akikusengenya utasikia," akasema.

Mvua zilizofuata Waya aliugua kifua, na zilipokatika alikuwa amekwisha zikwa. Chumba chake akaingia binti anayeuza makava ya simu, binti mwema, ila muziki wake ulianza akifungua na kukoma akifunga. Mshonaji alipiga chafya siku ya kwanza akangoja. Ukuta haukusema kitu.

Tangu hapo alibaki na rafu ile tu. Na rafu nayo ikaanza kumpunja. Mwanzo Bibie alikuwa akiita mara nyingi: maji, mto, nzi, dirisha, jua limeingia machoni. Halafu akawa anaita mara chache. Halafu siku nzima inapita, spika inakoroma kidogo kama paka, na katikati ya mkoromo huo hakuna neno. Mshonaji hakufikiri kwamba Bibie ameacha kuita. Alifikiri kwamba sauti yake imezidi kupungua na kisanduku hakiifikii tena.

Asubuhi moja aliingia na chai akamkuta midomo imekauka, bilauri tupu imelala ubavu.

"Bibie, hukuniita?"

"Niliita kidogo."

Neno lile lilimchoma. Aliita kidogo, naye alikuwa dukani anapiga pindo huku akipiga mluzi. Kuanzia hapo alikuwa na haja moja tu hapa duniani, nayo si kubwa: Bibie akiita, asikie.

Akakishusha kisanduku, akakifungua, akampelekea binti wa makava. Binti alipunguza muziki, akachungulia.

"Babu, hiki ni cha zamani sana."

"Sawa, hata mimi. Nataka kipaze zaidi. Hivi vidude vya mistari ya rangi ni nini?"

"Rezista."

"Zinafanya nini?"

"Zinazuia umeme. Zinaupunguza." Wateja wawili wakaingia, na binti akageuka. "Kuzuia tu, babu, basi."

Mshonaji akarudi kwenye kiti chake akiwa na swali kubwa kuliko alilokwenda nalo. Kisanduku hiki kimeumbwa kuikuza sauti. Mtu mwenye akili kama Waya atatia ndani yake kitu cha kupunguza? Ni kama kushona suruali ya mtu mnene halafu uibane kiunoni kwa makusudi.

Akavaa miwani akautazama mchoro. Kumbuka kwamba huyu alikuwa mtu wa kusoma pateni. Maisha yake yote alipewa karatasi yenye mistari akaigeuza kuwa koti. Akaona mistari iliyonyooka, akasema hizi ni mishono. Akaona duara mbili zenye miguu mitatu mitatu, akasema hizi ni transista. Akaona vijistari vya kupanda na kushuka, meno ya msumeno, hapa na pale. Vingi vilikuwa pembeni, kama mapambo ya pindo, akaviacha. Lakini kimoja kilikaa chini kabisa, mguuni pa transista ya pili, katikati ya njia, mahali ambapo kila kitu lazima kipite.

Meno yale aliyajua. Ndivyo yeye mwenyewe alivyochora kwenye pateni zake mahali pa kupiga bandi, ule mshono wa muda wa kuishika nguo mpaka ikamilike, ambao mwishoni unafumuliwa. Ni mshono wa kuondolewa. Kila mshonaji wa mtaani amewahi kumkabidhi mteja nguo yenye bandi aliyoisahau ndani.

"Ala," akasema kwa sauti, akiutazama ukuta wa mbao. "Kumbe ulisahau kufumua."

Na moyo wake ukapata faraja, maana ilikuwa kama kumkamata Waya na kosa, akamtania tena.

Akachukua mkasi mdogo wa kukatia nyuzi. Akakitafuta kidude chenyewe ndani ya kisanduku, mguuni pa transista ya pili, kikiwa na mistari mitatu: manjano, zambarau, kahawia. Rangi hizo alizizingatia kwa sababu nyuzi za rangi hizo hakuna mtu angezipanga pamoja kwenye nguo moja. Akakikata pande zote mbili, kikamdondokea mkononi chepesi kama punje ya mchele. Akakirudisha kisanduku kwenye rafu, akawasha.

Kimya. Hata ule mkoromo wa paka haukuwepo.

Alisimama mkasi mkononi kama mtu aliyekata nguo ya mteja kinyume. Kisha akajiambia, ukifumua bandi lazima uunganishe mshono wenyewe, pande mbili haziwezi kubaki zinatazamana. Akachuna kipande cha waya wa shaba, akausokota kwenye ncha zile mbili alizoziacha, moja hadi nyingine, vizuri, akaubana kwa koleo.

Sauti ililipuka rafuni. Alisikia shuka likikunjwa. Alisikia kijiko kikigusa bilauri. Alisikia Bibie akimeza mate. Halafu, "Fundi," na jina lile lilijaa duka zima, mpaka binti wa makava akapunguza muziki wake aulize kuna nini.

Mshonaji alivuka ua kwa hatua tisa. "Naam, Bibie. Naam. Unataka nini?"

"Ulikuwa kimya leo. Nilitaka kujua upo."

"Nipo."

"Haya, rudi."

Siku nne zilizofuata, aliniambia, zilikuwa nzuri na mbaya pamoja. Alisikia kila kitu, na kila alichosikia alikimbilia. Bibie akikohoa, yuko mlangoni. Kitanda kikilia, yuko mlangoni. Alikuwa na sare za shule za kumaliza, mashati sabini, na yalikaa bila mikono kwa sababu yeye alikuwa njiani kwenye ua. Na kulikuwa na jambo alilolisikia ambalo hakulielewa. Bibie alikuwa akihesabu. Kwa mnong'ono, peke yake, kitandani: moja, mbili, tatu, nne. Anafika themanini, au mia na kitu, anashusha pumzi, ananyamaza. Baada ya muda anaanza tena moja. Mshonaji alidhani ni ugonjwa umepanda kichwani, na hakuthubutu kuuliza.

Kwenye kisanduku chenyewe aliona mambo mawili ambayo hakuyajali. Kilikuwa cha moto ukikigusa. Na kadiri jua lilivyopanda juu ya bati, sauti ilianza kukwaruza, maneno yakawa na miiba.

Siku ya tano joto lilikuwa la kuyeyusha chaki. Baada ya saa saba mchana alisikia harufu ya kitu kinachoungua. Akaruka kwenye pasi, akaiinua: pasi ilikuwa baridi. Akanusa mashati. Akachungulia kwa jirani. Harufu ikaisha, naye akashukuru, kisha akagundua kwamba rafu imetulia. Bibie amelala, alijisemea. Alikaa akaanza kushona mikono ya mashati, moja baada ya nyingine, bila kuinuka, na kwa mara ya kwanza katika juma hilo kazi ikaenda. Alishona mikono kumi na minane.

Alipoinua mkono kuchukua bobini kwenye rafu, aligusa kisanduku. Kilikuwa bado vuguvugu, na kimekufa.

Bibie alikuwa sakafuni. Alikuwa amejivuta kufikia bilauri, akateleza na shuka lake, akakaa pale ameegemea kitanda, gauni limelowa, mguu umekunjika chini yake. Hakuumia. Macho yalikuwa wazi yanatazama mlango.

Akamwinua, akambadilisha nguo, akamfuta miguu. Vifungo vilimshinda, yeye aliyefunga vifungo elfu na elfu.

"Uliniita mara ngapi?" akauliza.

Bibie akainua kidole kimoja.

Saa nzima, na kidole kimoja. Alikwenda uani akasimama chini ya kamba ya nguo, na pale, aliniambia, alijisikia mtu wa mwisho duniani. Waya angekuwepo angepiga ukuta akamwambia, mpumbavu wewe, umefanya nini.

Asubuhi yake akamwomba binti wa makava aketi kwa Bibie, akachukua kisanduku, akaenda kwa mjane wa Waya.

Mjane huyo aliishi mtaa wa tatu, chumba kimoja. Watoto wa marehemu walikwisha uza meza ya kazi na redio zote isipokuwa mbili, na hizo mbili alikuwa amezifungulia pamoja, kila moja stesheni yake, zikizungumza bila kusikilizana. Akazizima zote alipomwona mgeni.

"Shemeji," alisema. "Tangu mazishi."

"Tangu mazishi. Nina aibu hata ya kukaa."

"Kaa na aibu yako. Kiti kipo."

Alikifungua kisanduku mapajani. Mshonaji akaanza kumweleza kwamba alitaka jina la fundi yeyote anayejua, lakini mwanamke alikwisha inama, ananusa.

"Umeunguza ya pili," akasema. Kisha akauona ule waya wa shaba uliosokotwa kwa usafi, akaugusa kwa kidole. "Nani alitoa hiki cha mguuni?"

"Mimi. Nilidhani ni bandi."

"Bandi?"

Akamweleza: mchoro, meno ya msumeno, mshono wa kufumua. Mjane alimsikiliza hadi mwisho, na mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa kanga, na mshonaji hakujua ni lini kicheko kiligeuka kuwa kile kingine. Akangoja.

"Angefurahi huyo," alisema mjane mwishowe. "Angekutania mwaka mzima. Sasa sikiliza. Miaka thelathini nilikaa ubavuni mwake nikimpa vidude, na watu wakadhani nashika taa. Kila mwanafunzi aliuliza swali lako: mbona unaweka cha kuzuia kwenye cha kukuza? Transista ina tabia moja mbaya. Ikipata moto, inafunguka zaidi. Ikifunguka, inapitisha umeme zaidi. Ikipitisha zaidi, inapata moto zaidi. Haijui kusema basi. Inajitoa, inajitoa, mpaka inaungua, na inapaza sauti kuliko siku zote karibu na kufa kwake. Wewe uliisikia?"

"Niliisikia. Nikafurahi."

"Ndiyo. Sasa hiki kinakaa mguuni. Kila kinachotoka kinapita kwake. Kikizidi, kinasongamana hapa, mguu unainuka, na mlango wa juu unajifunga kidogo wenyewe. Kikipungua, mguu unashuka, mlango unafunguka. Hakuna mtu anayekishika. Inajizuia yenyewe kwa mguu wake mwenyewe, kila saa, hata wewe ukiwa umelala."

"Lakini sauti inapungua."

"Inapungua kidogo, sikatai. Cherehani yako, uzi haupiti mahali ukabanwa?"

"Unabanwa."

"Ukilegeza kabisa?"

Mshonaji akainamisha kichwa. "Chini unakuwa kiota cha ndege."

"Na bado umenijia na bandi."

Akavuta kopo la biskuti kutoka chini ya kitanda. Meza waliuza, alisema, lakini kopo hawakuliona. Lilijaa vidude vidogo, maelfu, na vidole vyake vikatembea ndani yake bila haraka, huku akinong'ona, manjano, zambarau, kahawia, kama mtu anayemwita mtoto anayemjua. Akakipata. Akapata na transista. Akatoa pasi ya kulehemu iliyofungwa kwenye soksi ya mwanamume.

"Nitakuja kukifunga hapo hapo dukani," akasema. "Nataka kutoka nje."

Alilehemu kisanduku juu ya meza ya kukatia, kati ya mashati, mkono wake umetulia kuliko wa mshonaji. Kikarudi rafuni. Kikakoroma kama paka. Mshonaji akavuka ua, akamwambia Bibie aseme neno, na kwamba mjane wa Waya yuko huko anasikiliza. Akarudi mbio.

Kwanza ilisikika pumzi. Kisha sauti ile ndogo, isiyo na miiba, ikasema, "Mwenzangu, pole. Sikuweza kuja kumzika."

Mjane alisimama na pasi mkononi, akakitazama kisanduku cha mumewe. "Asante, mwenzangu," akakijibu. "Nilijua."

"Hakusikii," mshonaji alimwambia polepole. "Ni cha upande mmoja."

"Najua ni cha upande mmoja. Nilikuwepo kikitengenezwa." Akaifunga pasi kwenye soksi, akaaga, na baada ya yeye kupita mlangoni mshonaji akasikia nyayo zake zikizunguka upande wa uani, kwenda kusema lile neno tena mahali litakaposikika.

Siku hiyo, baada ya chakula cha mchana, mshonaji alikaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa ameyapanga maneno yake tangu asubuhi.

"Bibie. Juzi kilipokuwa kinapaza, nilikusikia unahesabu."

Bibie akafumba macho. "Sikujua kinafika mpaka huko."

"Ulikuwa unahesabu nini?"

Alijibu kwa sauti ndogo, ikambidi mume ainame apate kusikia.

"Mwanzo nilikuita kila nilichotaka. Ukaja. Ukatoboa kidole kwa sindano, ukaja na damu. Ukaunguza gauni la bibi harusi. Ukakonda ukawa kama tepu yako. Nikasema, huyu nikimwita hivi atakufa kabla yangu, na mimi nitamwita nani? Ndipo nikaanza kuhesabu. Nikitaka kitu nahesabu mpaka mia mbili. Nikifika bado nataka, naita."

"Na kama hufiki?"

"Mara nyingi hamu inakwisha kabla."

"Hamu ya maji inakwishaje?"

"Ya maji haiishi," alisema. "Lakini nyingi hazikuwa za maji, Fundi. Nilitaka tu uje."

Mshonaji akautazama ukuta. Aliniambia kwamba hapo ndipo alipouona mwaka mzima ule jinsi ulivyokuwa: yeye kule mbele akilaumu kisanduku, na huku nyuma mtu anahesabu mia mbili, kisha mia mbili nyingine, kutwa, peke yake, ili yeye aweze kumaliza pindo. Naye alikuwa akipiga mluzi.

"Usihesabu tena," akasema.

"Nitahesabu. Nisipohesabu utakimbia. Nakujua."

"Basi ishirini."

"Mia."

"Kumi."

"Mbona unashuka badala ya kupanda? Ndivyo unavyopatana na wateja wako?"

"Kumi, Bibie."

Akafikiri. Upande mmoja wa mdomo wake, ule uliobaki hai, ukasogea. "Kumi," akakubali. "Lakini nahesabu taratibu."

Akamwekea bilauri upande wa mkono mzima, akamfunika, akahesabu hatua kumi na mbili, akarudi dukani. Jua lilikuwa limesimama juu ya bati, na binti wa makava alikuwa amekwenda kula, kwa hiyo muziki ulikuwa umezimwa. Barabara ilikuwa tupu. Alikaa kitini, akavuta shati, akaweka mguu kwenye pedali, lakini hakukanyaga. Aliinua mkono akagusa kisanduku. Kilikuwa baridi.

Ndani ya ule mkoromo, kwa mbali, akaisikia sauti ikianza.

Moja. Mbili.

Akaushusha mguu sakafuni, tayari kuinuka.

Tatu. Nne. Tano.

Sita.

Akangoja saba. Spika ilikoroma. Akaegemeza kichwa karibu na rafu, akasikia pumzi, ndefu, ikivutwa na kushushwa, ikivutwa na kushushwa, ya mtu aliyesinzia kabla ya kufika. Mshonaji aliendelea kungoja, mikono juu ya mashati, kisha shavu juu ya mikono, akiisikiliza pumzi ile ndogo iliyovuka ua kuja kwake, na katikati ya kungoja huko usingizi ukamchukua naye.